Chavua ya Migomba na Aina Mpya za Ndizi Kagera
Migomba ya ndizi za kupika mkoani Kagera, zikiwemo wilaya za Ngara na Biharamulo, ina kromosomu 33 katika seti tatu. Idadi hiyo haigawanyiki sawasawa chavua inapoundwa; jeni zinazopaswa kufanya kazi ili kuikomaza hukosa uwiano, na chavua nyingi huwa tasa. Mkulima hupanda machipukizi, ambayo kwa bahati mbaya huhamisha pia magonjwa.

Watafiti huchukua chavua hai ya mgomba-mwitu Calcutta 4, wenye seti mbili na ukinzani dhidi ya sigatoka nyeusi, na kuipaka kwenye maua ya kike ya baadhi ya migomba hiyo. Mbegu zipatikanazo ni chache mno. Aina za TARIBAN, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2021, zina asili katika kazi hiyo.