Afilieti wa Kasino ni Dalali

Kasino ya mtandaoni iliyokwisha kuwadhulumu wateja wake haiwezi kujisafisha kwa mabango yake yenyewe. Mtu aliyesikia kwamba kampuni fulani hailipi ushindi hatashawishika na tangazo la kampuni hiyohiyo linalosema inalipa. Anataka kulisikia kwa mwingine. Mwingine huyo ndiye anayeitwa afilieti katika biashara hii: mwenye tovuti ya kuchambua kasino, mwenye chaneli ya Telegram, au mtu maarufu mwenye wafuasi wengi, anayeweka kiungo chenye alama yake na kulipwa na kasino kwa wachezaji wanaopitia hapo. Tovuti za kamari zinazotafsiriwa kwa Kiswahili humwita mshirika, na utaratibu wenyewe huuita mpango wa washirika. Naona tafsiri hiyo ni mbaya, kwa sababu inamficha msomaji jambo analohitaji kulijua kuliko yote: nani anamlipa huyu anayenishauri? Neno linalolisema hilo tunalo siku nyingi, nalo ni dalali.

Tuangalie kwanza pesa zinavyotembea. Anwani ya kiungo cha afilieti huwa na mkia wa herufi na tarakimu unaomtambulisha. Ukikibonyeza, kidakuzi huhifadhiwa kwenye simu yako, na ukijisajili, akaunti yako huandikwa chini ya jina lake. Mahali pengine kazi hiyo hufanywa na promo kodi unayoombwa kuijaza wakati wa kujisajili. Kuanzia hapo afilieti hulipwa kwa njia mojawapo kati ya mbili, au kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni kiasi maalumu kwa kila kichwa kinachojisajili na kuweka pesa. Ya pili ni asilimia ya pesa ambazo kasino imebaki nazo kutoka kwako, mara nyingi kati ya 25 na 40, kwa muda wote utakaoendelea kucheza. Na pesa ambazo kasino imebaki nazo ni zile ulizopoteza wewe. Mwezi ambao umeshinda, afilieti wa aina hii hapati kitu kwako. Mwezi ambao umeliwa sana, ndio mwezi wake mzuri.

Chukua bonasi ya kukaribisha wageni, ile inayosifiwa katika kurasa za kasino kumi bora. Unaweka shilingi 50,000, kasino inakuongezea 50,000 nyingine, kwa sharti kwamba bonasi hiyo izungushwe mara 35 kabla hujatoa chochote. Maana yake ni kwamba lazima uweke madau ya jumla ya shilingi 1,750,000. Kwenye sloti inayorudisha kwa wastani asilimia 96 ya madau, ile asilimia 4 inayobaki ni shilingi 70,000, kwa hiyo hasara inayotarajiwa inaizidi bonasi yenyewe kwa shilingi 20,000. Hapo hatujasema lolote kuhusu wizi. Hii ni kasino inayofuata masharti yake neno kwa neno. Mwenye ukurasa anaijua hesabu hii, kwa kuwa mapato yake yanatoka humo humo, lakini mara nyingi msomaji ataonyeshwa nyota tano na maneno "pesa ya bure", huku sharti la mara 35 likiwa chini kabisa kwa maandishi madogo.

Sasa tutoke kwa kasino ya kawaida twende kwa tovuti iliyokwisha kukutwa na hatia. Mwaka 2007 wachezaji wa poka katika tovuti ya Absolute Poker walishuku akaunti iliyojiita Potripper, ambayo ilicheza kana kwamba inaziona karata za wenzake. Mchezaji mmoja alipoomba kumbukumbu za mashindano, alitumiwa faili lenye karata za watu wote mezani. Katika mchezo wa mwisho wa mashindano hayo Potripper alikubali dau la pesa zote akiwa hana hata jozi, karata yake kubwa ikiwa kumi, na ikaonekana kwamba hata hivyo alikuwa mbele ya mpinzani wake. Mwaka uliofuata uchafu wa namna hiyo hiyo ulifichuka UltimateBet, tovuti iliyokuwa chini ya mmiliki yuleyule. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, eneo la Wamohawk karibu na Montreal nchini Kanada, ndiyo iliyokuwa imetoa leseni. Ilimtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994, kuwa mhusika mkuu wa wizi wa UltimateBet. Absolute Poker ilitozwa faini ya dola 500,000, UltimateBet dola milioni 1.5, na wachezaji wa UltimateBet wakarudishiwa zaidi ya dola milioni 22.

Kurudisha pesa ilikuwa haki, na kama mambo yangeishia hapo, pamoja na kuwataja hadharani wamiliki wote na kufungua mahesabu, tungeweza kusema kampuni imejaribu kujirekebisha. Njia iliyopewa uzito ilikuwa nyingine. UltimateBet ilifupishwa ikawa UB. Mwaka 2009 ikamwajiri Joe Sebok, mchezaji aliyependwa na aliyekuwa na jukwaa lake la habari za poka, awe sura ya uwazi mpya. Mwaka 2010 ikamchukua Prahlad Friedman, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioibiwa. Fikiria uzito wa hatua hiyo ya pili: aliyeibiwa anasimama mlangoni akiwaita wengine waingie. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani mjini New York walifungua kesi dhidi ya waendeshaji wa tovuti kubwa za poka, Absolute Poker na UB zikiwamo, na wachezaji wakagundua kwamba pesa walizokuwa nazo kwenye akaunti hazitoki. Wamarekani walianza kulipwa na Wizara ya Sheria ya nchi yao mwaka 2017, kutokana na mali zilizotaifishwa. Sebok na Friedman walikuwa mabalozi wa chapa, si watu wa viungo na asilimia, lakini kazi yao ni ileile kwa asili yake: kampuni isiyoaminika ilikodi imani ambayo watu walikuwa nayo kwa mtu mwingine. Imani ya kukodi haimbadilishi mkodishwaji. Programu ya kompyuta, mmiliki na mfuko wa pesa vilibaki mahali ambapo mchezaji hawezi kuvifikia.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kampuni za vichochoroni. Uingereza inaonyesha vinginevyo. Mwaka 2017 mamlaka ya viwango vya matangazo ya huko ilikemea kurasa zilizotengenezwa kama habari za gazeti, zenye hadithi ya mtu aliyezama katika madeni huku mkewe akiugua, kisha akaokolewa na ushindi wa kasino. Zilikuwa kazi ya maafilieti, na waliohukumiwa ni wenye leseni waliotangaziwa: Ladbrokes, 888, Sky Vegas na Casumo. Mwaka huohuo Sky Bet ilifunga kabisa mpango wake wa maafilieti nchini humo, na BGO ikatozwa pauni 300,000 na tume ya kamari kwa matangazo ya kupotosha, yakiwamo yaliyowekwa na maafilieti wake. Mwaka uliofuata LeoVegas ililipa pauni 600,000, sehemu ya sababu ikiwa matangazo ya namna hiyo. Msimamo wa tume ulikuwa mmoja: aliyempa mtu kazi ya kumsemea atawajibika kwa alichosema. Ikiwa kampuni zenye leseni na wanasheria zilishindwa kuwadhibiti wasemaji wao, kasino isiyo na leseni mahali popote haina hata sababu ya kujaribu.

Turudi kwenye neno. Mshirika kwa Kiswahili ni mtu mnayegawana naye faida na hasara. Ushirika wa kahawa au wa akiba unasimama juu ya maana hiyo. Afilieti hana hasara ya kugawana. Isitoshe, msomaji anapokuta "mshirika wetu" hajui ni mshirika wa nani, na kwa urahisi atadhani ni wake. Kuna wanaopendekeza wakala, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu sheria inayomwajibisha mwenye kampuni kwa maneno ya msemaji wake ndiyo sheria ya uwakala. Lakini kwa Mkenya au Mtanzania wa leo wakala ni yule wa kibandani anayempa pesa yake taslimu kutoka kwenye simu, mtu mwenye namba iliyosajiliwa na kitabu cha kumbukumbu. Kumwita afilieti wakala ni kumvisha heshima ambayo wengine waliifanyia kazi miaka mingi. Mwanasheria anaweza kulitumia neno hilo ndani ya mkataba. Ukurasa unaosomwa na kijana anayetafuta pa kubetia unahitaji jingine. Mpiga debe linakaribia sana, maana naye hulipwa kwa kujaza gari lisilo lake. Kasoro yake ni kwamba mpiga debe hupaza sauti hadharani na kila abiria anajua kazi yake, ilhali afilieti hujivika joho la mchambuzi asiyefungamana na upande wowote.

Dalali ni mtu wa kati anayewakutanisha wawili na kulipwa biashara ikifanyika. Tumelipata kutoka Kiarabu, kutoka mzizi uleule uliotupa dalili, na asili yake ni mwenye kuonyesha njia. Mswahili akiambiwa "huyu ni dalali wa nyumba" hakasiriki wala hakimbii. Anauliza tu, unachukua ngapi, na kwa nani? Hilo ndilo swali ambalo istilahi inapaswa kulizaa kichwani mwa msomaji wa ukurasa wa kasino. Pingamizi kubwa ni kwamba neno hili litawachafua walio waadilifu, na ni kweli wapo. Casinomeister, kwa mfano, tovuti iliyoanza mwaka 1998, inaorodhesha hadharani kasino zinazowatendea wachezaji vibaya, na inapokea malalamiko yao. Lakini udalali si tusi. Kuna dalali mwaminifu, tena anatafutwa na kusifiwa kwa jina hilohilo la kazi yake. Anayeona aibu kuitwa dalali aeleze ni sehemu gani ya maelezo hayo haimhusu: hawakutanishi watu na kasino, halipwi, au halipwi na kasino?

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo linanilazimisha kuongeza istilahi ya pili. Dalali wa nyumba hulipwa mara moja na kuondoka, na hafaidiki paa likivuja. Afilieti anayelipwa kwa asilimia anaendelea kufaidika kila mchezaji anapoliwa. Malipo haya yameanza kuitwa kwa Kiswahili mgawo wa mapato, jina linalotazama mambo kutoka kwenye dawati la kasino. Kutoka upande wa msomaji ni mgawo wa hasara, hasara yake yeye, na ndivyo liandikwe. Malipo ya aina ya kwanza tuyaite malipo ya kichwa, kama wanavyohesabu watu wa stendi.

Tofauti hiyo inatugusa hapa kwetu waziwazi katika Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe uliotoka mwaka 2019 na ambao wengi Tanzania huuita kindege. Makundi ya WhatsApp na Telegram hutoa "signo", yaani ishara za utabiri, na programu za kutabiri kindege kitaondoka lini na kumaliza mzunguko, kwa sharti kwamba ufungue akaunti mpya kwa kiungo au promo kodi ya mwenye kundi na kuweka pesa kwanza. Matokeo ya kila mzunguko hutokana na namba za siri zilizochanganywa kwa hesabu za kriptografia, na hakuna aliye nje anayeweza kuyajua mapema. Kwa nini basi mtu agawe utabiri usiofanya kazi? Mwenye kujua maana ya mgawo wa hasara hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wahariri na wafasiri wanaopokea kazi za matangazo haya, pendekezo langu ni mstari mmoja juu ya ukurasa, kwa maandishi makubwa kama ya kichwa cha habari: "Sisi ni madalali wa kasino zilizotajwa hapa. Ukijisajili kupitia kwetu na ukapoteza, tunalipwa asilimia 30 ya ulichopoteza." Asilimia ibadilishwe kulingana na mkataba wa kila mmoja, na isiachwe wazi.