Rangi Zilizosafiri kwa Bahasha

Kati ya mwaka 1967 na 1975, matarishi wa Italia walibeba barua ambazo uzuri wake ulikuwa nje, kabla hata hazijafunguliwa. Mpokeaji alikuwa mwandishi Giorgio Soavi. Mtumaji alikuwa Mbelgiji Jean-Michel Folon, aliyekuwa akizipaka bahasha zake rangi kabla ya kuzitia posta, anwani na stempu zikabanana humo humo na picha. Tone moja la mvua njiani lingetosha kuharibu kazi. Alizituma hivyo hivyo.

Folon alizaliwa tarehe 1 Machi 1934 huko Uccle, upande wa kusini wa Brussels, mahali ambapo wasemaji wa Kiholanzi hupaita Ukkel. Alianza kusomea usanifu wa majengo katika chuo cha La Cambre, akaacha mwaka 1955, akahamia karibu na Paris na kujifungia kuchora. Wafaransa hawakumjali. Basi akatuma michoro yake New York, kwa watu asiowajua wala wasiomjua, na magazeti ya huko, yakiwemo Esquire na The New Yorker, yakaichapisha. Hiyo ilikuwa zaidi michoro ya wino. Rangi za maji zilikuja kumteka baadaye, naye hakuziacha hadi alipofariki Monaco mwaka 2005.

Zina ukaidi wake, rangi hizi. Nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na ukishaifunika imekwenda. Maji yakizidi, rangi hukimbia. Yakipungua, brashi huacha mistari. Anga za Folon, buluu inayogeuka chungwa pasipo mpaka unaoonekana, zilitaka karatasi ipakwe ingali mbichi na mkono usiosita. Siku hizi mchoraji wa safarini ana msaada wa chaki za nta: unachora kama mtoto wa chekechea, kisha unapitisha brashi yenye maji na mstari unayeyuka kuwa rangi. Kampuni ya Caran d'Ache ya Geneva ilikuwa imeanza na penseli za namna hiyo mwaka 1931. Ukaidi ni ule ule, ila mfukoni hazimwagiki.

Lakini sifa kubwa ya rangi za maji, kwa maoni yangu, ni uzito wake. Picha ya mafuta yataka turubai, fremu na sanduku. Ya rangi za maji hukauka upesi na kuingia kwenye bahasha. Brussels ilikuwa imelijua hilo kabla Folon hajazaliwa, na iliyapata maarifa hayo kutoka Katanga, huko Kongo.

Mwaka 1926, huko Bukama, kando ya mto Lualaba, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliona nyumba za udongo zilizochorwa kutani. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Ukuta wa udongo hauna ahadi na masika, wala haupakiwi kwenye treni. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na Lubaki akahamishia humo wanyama, miti na watu wake, mara nyingi akiizungushia picha mstari wa rangi, kana kwamba ukuta umepata mwisho wake. Antoinette, mkewe, naye alichora.

Karatasi zikavuka bahari hadi kwa Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni mjini Brussels, na mwaka 1929 zikatundikwa katika Jumba la Sanaa, jengo la Victor Horta lililokuwa bado linanukia upya. Wakubwa wa Brussels walizitazama kuta za Bukama bila kutoka jijini mwao. Lubaki mwenyewe alibaki Kongo. Karatasi ilisafiri, mwenye mkono hakusafiri, na baada ya miaka michache jina lake likazimika.

Folon ana nyumba yake ya makumbusho huko La Hulpe, nje ya Brussels, aliyoifungua mwenyewe mwaka 2000. Lubaki hana. Karatasi zake zilirudi machoni pa umma mkubwa mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilipoonyesha sanaa ya Kongo ya karibu miaka 90. Waandaaji walipotafuta mwaka wa kuanzia hesabu hiyo, waliandika kwenye bango: 1926.