Kiwanja cha Ndege cha Goma

Mji wa Goma umekaa katikati ya maji na moto: kusini Ziwa Kivu, kaskazini mlima Nyiragongo. Barabara nzima ya kutufikisha Kinshasa haipo. Kwa hiyo kiwanja cha ndege, chenye njia ya lami ya mita 3,000, kilikuwa mlango wetu.

Faida ya mlango huo ilionekana Julai 1994. Wakimbizi karibu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu. Ndege za mataifa zikashuka hapa, zikileta dawa, vyakula na mashini za kusafisha maji.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ulishuka mpaka ziwani, ukateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege. Moto ulipopoa, yakabaki mawe meusi, makoro. Sasa, Goma iko juu, zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi. Ndege nzito hukimbia mbali kabla ya kupaa. Njia fupi ikawa hatari. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia, ikaangukia mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa katika shughuli zao mtaani.

Hata hivyo kazi haikuachwa. Mawe yalivunjwa, yakaondolewa, na mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 52 za kutengeneza kiwanja.

Januari 2025 kikafungwa tena, wala mlima haukuwa na kosa. Vita vilifika, waasi wa M23 wakautwaa mji, ndege zikakoma. Msafiri akabaki na mashua ya Bukavu, au kuvuka mpaka akapande ndege Kigali. Oktoba 2025, mkutano wa Paris ulitangaza kwamba kiwanja kitafunguliwa kwa ndege za msaada.

Basi, tupime mambo haya mawili. Mlima hausikii neno, lakini mawe yake yaliondolewa kwa nyundo na subira. Mlango uliofungwa na watu hautaki nyundo. Unataka watu waketi wapatane. Nasi tusio na silaha tuna wajibu wetu: tusizoee mlango uliofungwa.