Pestalozzi na Mayatima wa Stans

Mwalimu aingiapo darasani na namna mpya ya kufundisha, watoto humtazama uso kwanza, ndipo waitazame kazi yake. Nao wazazi walioko nyumbani huulizana, "Je, mtu huyu anawafundisha watoto wetu, au anawafanyia majaribio?" Swali hilo si la leo. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia walimu wenzetu habari za mtu mmoja wa Uswisi aliyeulizwa swali hilo kwa ukali zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, maana habari zake zina mafunzo ambayo hata sasa hayajachakaa.

Jina lake ni Johann Heinrich Pestalozzi, naye alizaliwa mjini Zürich mwaka 1746. Alipokuwa kijana alinunua shamba, akaliita Neuhof, na mwaka 1774 akaanza kuwakusanya humo watoto wa maskini, wapate kusokota na kufuma pamba huku wakijifunza. Walakini fedha zilimwishia, na mwaka 1780 nyumba ile ikafungwa. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya maisha ya kijijini, kiitwacho Leonard na Gertrude, nacho kikampatia sifa nyingi. Lakini sifa ya kitabu haimpi mtu shule. Alipopata tena nafasi ya kuwafundisha watoto alikuwa amekwisha kutimiza miaka 52, na wengi walimdhania kuwa mtu wa ndoto tu.

Nafasi yenyewe ilitokana na msiba. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, ikasimamishwa serikali mpya, nayo ikawataka raia wote waape kuitii katiba yake. Watu wa Nidwalden, nchi ndogo ya milimani ambayo mji wake mkuu ni Stans, walikataa. Tarehe 9 Septemba 1798 Wafaransa waliwashambulia. Watu mamia waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo, na nyumba mamia ziliteketezwa kwa moto. Watoto waliosalia bila wazazi wakawa wakitangatanga na kuombaomba. Basi mwezi wa Desemba serikali ile ile iliamuru pawe na nyumba ya mayatima huko Stans, ikampeleka Pestalozzi kuiangalia.

Na tufikiri kidogo jinsi alivyoonekana machoni pa wenyeji. Alikuwa mgeni, alikuwa Mprotestanti katikati ya Wakatoliki, tena alikuwa mtumishi wa serikali ambayo kwa ajili yake nyumba zao zilichomwa na ndugu zao wakauawa. Asiyekujua hakuthamini, lakini hawa walimwogopa kwa sababu waliwajua sana wale waliomtuma. Hatuwezi kuwalaumu.

Nyumba ilifunguliwa tarehe 14 Januari 1799, katika sehemu ya makao ya watawa wa kike. Mafundi walikuwa bado kazini, vumbi limejaa kila mahali, na baridi ilikuwa kali. Watoto walianza kama 50, hata hesabu yao ikafika 80 hivi. Wengi waliingia wakiwa na upele na vidonda, wamekonda, wenye macho ya hofu. Wengine walikuwa wamezoea kuomba na kudanganya. Wengine walitoka katika nyumba zilizokuwa na mali kabla ya vita, nao walishikamana peke yao na kuwadharau wenzao waliokuwa waombaji. Hivyo Pestalozzi alikuwa na kazi mbili kwa mara moja: kuwafanya watoto wamwamini yeye, na kuwafanya waaminiane wao kwa wao. Hakuwa na mwalimu wa kumsaidia. Alikuwa na mwanamke mmoja tu wa kuangalia kazi za nyumbani.

Siku za Jumapili jamaa za watoto walikuja kuwatazama. Waliwavuta pembeni, wakawanong'oneza, wakawauliza kama wanatendewa mema. Wako waliodai walipwe, kana kwamba wao ndio waliomfadhili Pestalozzi kwa kumwachia watoto. Wako na watoto waliotoroka mara walipokwisha kupewa nguo mpya.

Je, alifanyaje? Jambo la kwanza la kuangalia ni hili: hakuanza kwa kuwaeleza uzuri wa mafundisho yake. Alianza kwa kukaa nao. Alikula chakula chao, akalala katikati yao. Usiku alikuwa wa mwisho kulala, na asubuhi wa kwanza kuamka. Walipougua aliwauguza kwa mikono yake. Hata walipokwisha kulala vitandani aliendelea kusali na kuzungumza nao mpaka usingizi ukawachukua. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alitaka kila mtoto aone usoni pake, tangu asubuhi hata jioni, ya kuwa moyo wake u pamoja nao. Tusidhani kwamba alikuwa malaika. Alipiga pia, na hilo hakulificha. Lakini watoto wale, ambao hofu ilikuwa imewajaa, walianza kujua kwamba mtu huyu hana mahali pengine pa kwenda atakapochoka nao.

Jambo la pili ni namna ya masomo. Hakuwa na vitabu vya kutosha wala vyombo, na watoto walikuwa wa umri mbalimbali. Basi akawafundisha wote kutamka maneno kwa sauti moja, polepole, sehemu kwa sehemu. Kwa watoto ambao hawajazoea kutulia hata kidogo, jambo hilo lilikuwa geni sana. Ili wasitawanye mawazo, aliwaagiza wakazie macho kidole gumba chao huku wakitamka. Ni jambo dogo, la kuchekesha kwa kuliona. Lakini kila mtoto aliliweza, hata yule asiyejua herufi moja. Hapo ndipo twaona hekima yake. Hatua ya kwanza ya jambo jipya aliifanya kuwa fupi, hata asiwepo mtoto wa kushindwa mbele ya wenzake. Mtoto aliyeshinda mara moja huthubutu mara ya pili.

Jambo la tatu lilitokana na uhaba. Mtu mmoja hawezi kuwafundisha watoto 80 peke yake. Pestalozzi aliwatumia watoto kuwafundisha watoto. Mtoto aliyelijua jambo aliketi kati ya wawili wasiolijua, akawakumbatia shingoni, mmoja upande huu na mwingine upande huu, akawaambia alilojua, nao wakalisema baada yake. Angalieni mkao huo. Mwenye kujua hakusimama mbele kama mkubwa. Aliketi kati kama ndugu. Yule aliyedharauliwa jana kwa kuwa mwombaji, leo akilijua neno, mwenzake wa nyumba yenye mali alilipokea kwake. Dharau haikuondolewa kwa hotuba. Iliondolewa kwa kuhitajiana.

Matunda yake yalionekana mwezi wa Aprili. Tarehe 5 Aprili 1799 mji wa Altdorf, katika nchi jirani ya Uri, uliteketea kwa moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto, akawapa habari kwamba wako wengine huko wasio na nyumba, chakula wala nguo; akawauliza kama wangependa serikali iombwe kuwaleta 20 katika nyumba yao. Wote walipaza sauti kukubali. Yeye hakuridhika na kelele. Aliwaambia wafikiri tena: fedha ni chache; huenda itawabidi kula kidogo, kufanya kazi zaidi, na kugawana hata nguo zao. Wakakubali tena. Watoto hao ndio wale wale ambao miezi mitatu kabla walioneana wivu kwa chakula. Kwetu sisi jambo hili lina uzito kupita mtihani wowote wa kusoma.

Lakini nyumba ya Stans haikuishi. Vita vilirudi, majeshi ya Ufaransa yakataka mahali pa kuwalaza wagonjwa wao, na tarehe 8 Juni 1799 kazi ya Pestalozzi ikakomeshwa. Ilikuwa imedumu miezi isiyotimia mitano. Watoto wengi waliondolewa, naye akaenda milimani kupumzika, maana alikuwa akitema damu.

Mwaka huo huo alikwenda Burgdorf, akapewa watoto katika shule ya mwalimu mmoja aliyekuwa fundi wa viatu. Huko shaka ilimpata upya. Wazazi, ambao hawakuwa watu wakubwa wa mji, waliona kwamba hakuwashikisha watoto vitabu vyao vya dini na vya kusoma kama ilivyokuwa desturi. Wakasema kwamba wakubwa wakitaka kujaribu mambo mapya, na wayajaribu kwa watoto wao wenyewe. Neno hilo lina haki ndani yake, maana mara nyingi mtoto wa maskini ndiye anayejaribiwa kwanza. Pestalozzi alihamishiwa shule ya watoto wadogo, akaendelea kimya. Mwezi wa Machi 1800 wakaguzi wa shule za mji waliwapima watoto wale, wakamsifu mwalimu wao. Hapo wazazi walipata walichokitaka tangu mwanzo: hawakutaka maelezo, walitaka kuona.

Baadaye shule yake ya Yverdon ilijulikana Ulaya nzima, na walimu walikuja kutoka mbali kujifunza. Mmoja wao alikuwa Friedrich Fröbel, aliyekaa huko tangu mwaka 1808 hata 1810. Naye ndiye aliyeanzisha nchini Ujerumani shule za watoto wadogo ambazo kwetu zimezaa chekechea. Walakini huko Yverdon walimu wenyewe waligombana miaka mingi, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza, hata shule ikafungwa mwaka 1825. Pestalozzi akafa mwaka 1827. Ni ajabu ya kuhuzunisha: mayatima wa Stans, wenye njaa, walijifunza kuketi pamoja, walimu wenye elimu na sifa hawakuweza.

Basi, walimu wenzetu, tukileta namna mpya darasani, na tujiulize mambo matatu kabla ya kuwalaumu watoto kwa uoga wao na wazazi kwa shaka yao. Je, watoto wametujua kwanza? Je, hatua ya kwanza ni fupi kiasi cha kila mmoja kuiweza? Je, wana kazi ambayo hawawezi kuitimiza pasipo mwenzao? Na baada ya hayo liko la nne, nalo ni letu sisi: tukiwataka wafanye kazi kwa umoja, na watuone sisi tukifanya hivyo katika chumba cha walimu.