Wageni wa Kitale

Msafiri aliyeshuka katika stesheni ya Kitale mwishoni mwa mwaka 1952 angekuta mji mdogo wa walowezi wa Kizungu, wenye maduka ya Wahindi, maghala ya mahindi na barabara za vumbi. Reli ilifika hapo mwaka 1926 ikaishia, ilhali njia kuu ilipita Bungoma kwenda Uganda. Kutoka upande huo wa Bungoma walikuja Wabukusu wengi kulima na kuvuna katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Watu hao walikuwa na jembe na kipande, lakini hawakuwa na chama cha wafanyakazi cha kusema kwa niaba yao.

Katika mji huo waliingia wageni wa ajabu mwishoni mwa mwaka huo. Mmoja alikuwa D. N. Pritt, wakili mashuhuri wa London. Wa pili alikuwa Diwan Chaman Lall wa Bara Hindi, wa tatu H. O. Davies wa Nigeria, na wa nne Dudley Thompson, mtu wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika. Walikuja kuungana na mawakili wa Nairobi kuwatetea Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Yafaa tujiulize ni jambo gani lililowakutanisha watu wa mabara manne mahali kama hapo.

Sehemu ya jibu imo katika vyama vya wafanyakazi. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadha viliungana Nairobi kuwa shirikisho moja la Afrika ya Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, Mwafrika, na katibu wake Makhan Singh, Kalasinga aliyezaliwa Punjab. Kwa serikali iliyozoea kumtenga kila mtu kwa rangi yake, muungano huo peke yake ulikuwa kama uasi. Mwezi wa Mei 1950 viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya juma zima. Mgomo ulivunjwa. Makhan Singh alipelekwa kuzuiliwa Lokitaung, katika nchi ya Waturkana, akakaa kizuizini hapa na pale kwa zaidi ya miaka kumi na moja.

Basi miongoni mwa washtakiwa sita wa mwaka 1952 alikuwamo Kubai yule yule, na pamoja naye Bildad Kaggia, aliyekuwa kiongozi wa makarani. Naye Chaman Lall, ambaye alikuja kwa baraka za Waziri Mkuu Nehru, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Bara Hindi lililoundwa Bombay mwaka 1920. Aliyajua mambo ya mgomo na kifungo kabla hajaiona Kenya.

Kesi ilisikilizwa Kapenguria, kiasi cha maili 25 kaskazini ya Kitale, katika jengo la shule. Kapenguria ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuweza kuingia bila kibali. Hapakuwa na hoteli wala simu, kwa hiyo mawakili walilala Kitale wakasafiri kila siku kwenda na kurudi. Nako Kitale hoteli zilikuwa za Wazungu tu. Mawakili wasio Wazungu walipata malazi katika nyumba za Wahindi wa mji, ambao walijua vema kwamba serikali ilikuwa ikitazama ni nani anamkaribisha nani. Mimi nahesabu ukarimu huo kuwa sawa na hotuba yoyote iliyotolewa mahakamani, maana mgeni atarudi kwao, lakini mwenye duka hubaki na jirani zake.

Pritt alipowapelekea wabunge wa Uingereza simu ya maandishi kulalamika juu ya vizuizi hivyo, alishtakiwa kwa kudharau mahakama. Alishinda shtaka hilo, akarudi kwenye kazi yake. Hata hivyo tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani wote sita, akawafunga miaka saba kwa kazi ngumu. Baadaye hukumu ya Achieng Oneko ilifutwa katika rufani, lakini hakuachiliwa.

Je, msaada ule wa mbali ulikuwa bure? Wako wanaosema hivyo, kwa kuwa mfungwa hafunguliwi kwa maneno mazuri ya wakili. Mimi siwezi kukubali. Kwa miezi mitano mawakili wale waliwahoji mashahidi wa serikali neno kwa neno, na kila jibu likaandikwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, aliapa kwamba ushahidi alioutoa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa malipo. Serikali ilimfunga kwa kiapo hicho, lakini watu walioyasoma maswali ya Pritt hawakushangaa.

Kubai na Kaggia waliachiliwa mwaka 1961, na mwaka 1963 wote wawili wakaingia Bungeni. Makhan Singh alifunguliwa Oktoba 1961. Hakupewa cheo chochote katika serikali ya uhuru, akafa mwaka 1973.

Wafanyakazi wa mashamba ndio waliongoja kuliko wote. Chama kimoja kikubwa cha kuwaunganisha nchini kiliundwa mwaka 1963. Wakati huo wageni wa Kitale walikuwa wamekwisha rudi makwao zamani, na walowezi wengi wa Trans Nzoia walikuwa wakitafuta wanunuzi wa mashamba yao, huku vibarua kutoka Bungoma wakiuliza nani atawalipa mshahara wa mavuno yajayo.