Oppenheimer: Mji, Jina na Watu

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano uliopo baina ya mji mmoja wa Ujerumani, jina la ukoo lililotokana na mji huo, na watu kadhaa wa historia walioitwa kwa jina hilo. Jina lenyewe ni Oppenheimer. Hoja yetu ni kwamba jina linalotokana na mahali hueleza safari, wala halithibitishi nasaba. Na kwamba palipopuuzwa tofauti hiyo, jina limepata kuwa chombo cha dhuluma.

Mji wa Oppenheim uko kwenye ukingo wa magharibi wa mto Rhine, kati ya Mainz na Worms. Mwaka 1225 ulipewa hadhi ya mji ulio chini ya kaizari mwenyewe. Mwaka 1689 majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yaliuteketeza. Wayahudi walikaa humo tangu Enzi za Kati, na kama ilivyokuwa katika miji mingine ya bonde la Rhine, biashara na kufukuzwa viliwatawanya.

Kwa upande wa isimu, umbo la jina ni sahili. Kiambishi tamati -er kikipachikwa kwenye jina la mji huleta maana ya mtu wa mji huo. Kazi hiyo Kiswahili huifanyia mwanzoni mwa neno: Mpate ni mtu wa Pate, Mmvita ni mtu wa Mvita. Lakini yafaa tujiulize: jina kama hili huzaliwa wapi? Ndani ya Oppenheim wakazi wote ni watu wa Oppenheim, na kumwita mmoja wao hivyo hakumtofautishi na jirani yake. Jina hupata maana pale mtu anapofika ugenini. Kwa hiyo mji uliozaa jina hili ni Oppenheim, lakini waliolitoa ni wenyeji wa miji mingine.

Katika mtaa wa Wayahudi wa Frankfurt, baadhi ya koo ziliitwa kwa alama za nyumba zao, kama Rothschild, yaani ngao nyekundu. Nyingine ziliitwa kwa miji zilikotoka. Baadaye sheria ziliyafanya majina hayo kuwa ya kudumu. Kaizari Joseph II aliwalazimisha Wayahudi wa milki yake kuwa na majina ya ukoo mwaka 1787. Napoleon alitoa amri kama hiyo mwaka 1808, na Prussia ikafuata mwaka 1812. Lililokuwa jibu la swali "umetoka wapi?" likageuka kuwa urithi wa watoto wasiopata kuuona mji wenyewe. Wengine walilichukua bila kiambishi, kama mchoraji Moritz Daniel Oppenheim (1800–1882), mzaliwa wa Hanau.

Tukiwatazama wenye jina, jambo hili hudhihirika. Samuel Oppenheimer (1630–1703), mzaliwa wa Heidelberg, aligharimia vita vya Kaizari Leopold I dhidi ya Waturuki. Alipofariki, serikali ya Vienna ilikataa kulipa madeni yake. Joseph Süß Oppenheimer, naye mzaliwa wa Heidelberg, alikuwa mshauri wa fedha wa Mtawala Karl Alexander wa Württemberg. Mtawala huyo alipokufa mwaka 1737, mshauri alikamatwa, na mwaka 1738 akanyongwa hadharani mjini Stuttgart. Mwaka 1925 Lion Feuchtwanger, ambaye jina lake latokana na mji wa Feuchtwangen, aliandika riwaya juu yake. Mwaka 1940 utawala wa Wanazi ulitoa filamu juu ya mtu huyo huyo ili kuchochea chuki. Hapo mtu mmoja alifanywa kielelezo cha umma mzima, na jina likageuzwa hati ya mashtaka.

Katika karne ya 20 jina lilivuka bahari. Ernest Oppenheimer, mzaliwa wa Friedberg, alifika Kimberley mwaka 1902, akaanzisha kampuni ya Anglo American mwaka 1917, na mwaka 1929 akawa mwenyekiti wa De Beers. Kampuni hiyo ya almasi ndiyo iliyoununua mgodi wa Mwadui mwaka 1958 kwa ubia na serikali ya Tanganyika. Huko Soweto ulijengwa mnara wenye jina la Oppenheimer. Hivyo jina lililotoka mahali likarudi kuwa la mahali, mbali mno na Rhine. J. Robert Oppenheimer alizaliwa New York mwaka 1904, na baba yake alitoka Hanau. Aliongoza maabara ya Los Alamos, iliyolipua bomu la kwanza la atomiki tarehe 16 Julai 1945. Mwaka 1954 alinyang'anywa kibali cha kujua siri za serikali, na uamuzi huo ulitanguliwa mwaka 2022. Mmoja alitawala almasi, mwingine atomu. Jina peke yake halitoshi kuwafanya ndugu.

Msomaji wa pwani yetu hatalistaajabia jambo hili. Sheikh Uways al-Barawi (1847–1909) alibeba nisba ya Barawa, na nisba hiyo hiyo hubebwa na watu wa koo mbalimbali. Mjadala mrefu wa wanahistoria juu ya Washirazi nao unatufundisha kwamba jina la mji wa mbali laweza kutaja asili, heshima, au dai la heshima.

Kwa hiyo mtafiti wa majina hana budi kuuliza maswali mawili: jina limetoka wapi, na ni nani waliolitoa? Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Na pale ambapo haki ya mtu ya kukaa katika nchi yake inapopimwa kwa jina lake, kulisahau si kosa la kitaaluma tu. Ni kumrudisha ugenini mtu aliyekwisha kuwa mwenyeji.