Jina Lililofichwa: Bill Kunkel, Uandishi wa Michezo ya Video na Madini ya Masisi na Walikale

Utangulizi

Karibu na mwaka 1980 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa video uitwao Adventure. Mtungaji wake, Warren Robinett, alikuwa ameficha ndani yake chumba cha siri, na katika chumba hicho akaandika jina lake. Sababu ilikuwa wazi: Atari haikuwa na desturi ya kuwataja watungaji wa michezo yake. Siri za namna hiyo zikaja kuitwa "mayai ya Pasaka", kwa mfano wa mayai ambayo watoto wa Ulaya na Marekani hufichiwa wayatafute wakati wa sikukuu. Mojawapo ya majarida yaliyolieneza jina hilo ni Electronic Games, lililoanza kutoka mwaka 1981.

Kisa hiki kidogo kina swali ambalo ndilo msingi wa makala haya: ni nani anayestahili kutajwa miongoni mwa waliotengeneza chombo cha mchezo, na orodha ya majina hayo huishia wapi? Swali hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, ambako hutoka baadhi ya madini yanayotumika katika vyombo hivyo.

Kunkel na wenzake

Bill Kunkel (1950–2011) aliwahi kuandika hadithi za vibonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na rafiki yake Arnie Katz walianza kuandika safu ya michezo katika jarida la Video. Kisha wawili hao, pamoja na Joyce Worley, wakaanzisha Electronic Games, jarida la kwanza nchini Marekani kushughulikia michezo ya video peke yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1981 Uingereza nayo ilipata jarida lake, Computer and Video Games.

Kabla ya hapo, habari za michezo ziliandikwa zaidi katika majarida ya wafanyabiashara waliomiliki mashine za kutia sarafu. Swali la majarida hayo lilikuwa moja: mashine ipi inaleta faida? Kunkel na wenzake walimwandikia mchezaji. Waliuhakiki mchezo kama kitabu au filamu inavyohakikiwa, na walisaidia kuimarisha msamiati wa kuuzungumzia. Kunkel alijulikana kama "Daktari wa Michezo" kwa sababu ya safu aliyoitumia kujibu maswali ya wasomaji. Biashara ya michezo ilianguka Marekani mwaka 1983, na jarida likafifia kufikia 1985. Lakini mtindo wake wa uhakiki ulirithiwa na majarida yaliyofuata.

Hata hivyo, mtindo huo ulikuwa na mpaka wake. Ulichunguza kilichoonekana kwenye skrini. Chombo chenyewe kilipimwa kwa kasi, rangi na sauti, wala haikuwa desturi kuuliza kilikotoka.

Masisi na Walikale

Ndani ya chombo kuna vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantali. Kuna pia bati, linalounganisha vifaa hivyo na bamba lake. Tantali hupatikana katika koltani, ambayo jina lake ni ufupisho wa kolumbiti na tantaliti, na ambayo huchimbwa katika vilima vya Rubaya, wilayani Masisi. Bati hupatikana katika kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale. Kwa miaka mingi kasiteriti hiyo ilibebwa mgongoni kupita msituni, kisha ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya Kilambo zikaipeleka Goma.

Katika machimbo hayo hukutana wasemaji wa Kihunde, Kinyanga, Kikumu, Kinyarwanda na lugha nyingine, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mchimbaji humjua mpagazi wake, na mpagazi humjua mnunuzi. Mzigo ukishapita mikononi mwa kampuni za kuuza nje, majina hukatika.

PlayStation 2 iliingia sokoni Japani mwezi Machi 2000 na Marekani mwezi Oktoba. Mwaka huo huo bei ya tantali ilipanda mara kadhaa, watu wengi wakaacha mashamba na kukimbilia machimbo. Mwezi Novemba kundi la RCD, lililotawala Goma, lilitoa haki ya pekee ya kuuza koltani nje kwa kampuni ya SOMIGL. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Baadaye wapo walioviita vita vya Kongo "vita vya PlayStation".

Jina hilo huvuta macho, lakini lapaswa kupimwa. Simu na kompyuta pia zilihitaji tantali, na walanguzi walichangia kupandisha bei. Tena, mauaji yaliyofungua vita vya Masisi yalianza sokoni Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, kutokana na ugomvi wa ardhi, utawala na uraia. Wakati huo PlayStation ya kwanza ilikuwa bado haijauzwa popote. Ilitoka Desemba 1994. Madini hayakuanzisha ugomvi huo. Yaliwapa wenye silaha mapato ya kuuendeleza.

Urithi na mpaka wake

Mwaka 2010 sheria ya Marekani ilizitaka kampuni zieleze iwapo bati, tantali, tangsteni na dhahabu zao zimetoka Kongo au nchi jirani. Mwaka 2011 Mwitalia Paolo Pedercini alitunga Phone Story, mchezo wa simu unaomfanya mchezaji kuwasimamia watoto machimboni Kongo. Apple iliuondoa dukani mwake baada ya siku chache. Hapo mchezo wenyewe ulifanya kazi ambayo wahakiki hawakuwa na mazoea ya kuifanya.

Haja ya kazi hiyo haijapungua. Kundi la M23 liliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Lilipokuwa likiukaribia mji wa Walikale mwezi Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie kwa muda, na bei ya bati ikapanda katika masoko ya dunia.

Hitimisho

Kunkel na wenzake walithibitisha kwamba jambo lililodharauliwa kuwa la kitoto lilistahili kuandikwa kwa makini. Makini hiyo yaweza kupelekwa mbali kuliko walikofika wao, mradi mwandishi asinyamaze wala asitie chumvi. Robinett aliweza kuficha jina lake kwa sababu mchezo ulikuwa mikononi mwake. Mchimbaji wa Rubaya au Bisie hana chumba cha siri cha kuandika lake. Likitajwa, litatajwa na aliyefika kumwuliza.